Kozi ya siku mbili ya bastola ya kujilinda kaskazini mwa Texas: tathmini kwa anayejiandaa kwenda

Kozi ninayoitathmini hapa ni ya bastola ya kujilinda, inayofundishwa Jumamosi na Jumapili katika uwanja wa shabaha wa wazi ulio mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Dallas. Ada yake ilikuwa chini kidogo ya dola 500 bila kuhesabu risasi. Shule yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninayo malalamiko kadhaa juu yake, na shule za aina hii katika jimbo hili ni nyingi na utaratibu wake unafanana. Ninawaandikia wenzangu wanaoishi Marekani, hasa wanaorudi nyumbani usiku wa manane kutoka kazi za zamu kama mimi niliye muuguzi, ambao wameshaamua kumiliki bastola kihalali na sasa wanataka kujua kama mafunzo haya yana thamani ya fedha zao. Jibu langu ni kwamba yanayo, tena kubwa, lakini sehemu kubwa ya thamani hiyo huamuliwa nyumbani kabla ya siku yenyewe. Waliofika wamejiandaa waliondoka na ujuzi mpya. Wengine walimaliza asubuhi nzima wakihangaika na mkanda wa suruali huku wenzao wakiendelea na somo.

Kabla ya mkanda na risasi kuna suala la sheria, nami nalitanguliza kwa sababu shule ililipitia juu juu. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuthibitisha kwamba mwombaji hakukatazwa na sheria kushika silaha, bila neno lolote la kueleza ni nani hasa aliyekatazwa. Kwa mzaliwa wa Marekani huenda hilo likatosha, lakini kwa mhamiaji halitoshi hata kidogo. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye ukaazi wa kudumu kununua na kumiliki bastola, ilhali inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, mtalii na mfanyakazi wa mkataba, isipokuwa awe ametimiza mojawapo ya masharti machache ya msamaha, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Katazo hilo haliishii kwenye kununua, bali linahusu hata kuishika bastola ya kukodi uwanjani. Kijana wa viza ya masomo anayealikwa na marafiki zake aje ajaribu tu anaweza kuiharibu hadhi yake ya uhamiaji kwa burudani ya nusu saa, na mkufunzi hatakuwepo kumtetea mbele ya jaji. Mwenye shaka azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji. Vilevile aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake wa ndoa amekatazwa, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo, na hili watu wetu wengi hawalijui.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ajisumbue na kozi ilhali tangu Septemba 1, 2021 Texas inamruhusu mwenye miaka 21 au zaidi, asiyekatazwa na sheria, kubeba bastola bila leseni. Swali hilo nalielewa, ila linachanganya ruhusa na uwezo. Leseni ya kubeba bastola bado inatolewa kwa anayeitaka, na mtihani wake wa kufyatua una risasi 50: 20 kwa umbali wa yadi 3, 20 kwa yadi 7 na 10 kwa yadi 15, na anayepata alama 175 kati ya 250 amefaulu. Ni mtihani wa haki kwa kiwango chake, lakini mtahiniwa hasogei, hachomoi bastola kutoka chini ya shati, wala hatakiwi kuamua kama afyatue au asifyatue. Mambo hayo matatu ndiyo kozi niliyoilipia, na ndiyo yanayomtaka mtu aje na vifaa vinavyofaa.

Kifaa kilichowaangusha wengi ni ala ya bastola, yaani mfuko unaovaliwa mwilini ambamo bastola huchomekwa. Mtu hununua bastola ya dola 600 kisha akaitafutia ala ya kitambaa ya dola 15, akidhani kazi yake ni kuning'iniza tu. Ala inayokubalika katika kozi za namna hii ni ya plastiki ngumu, iliyofinyangwa kwa umbo la bastola ileile, inayokifunika kifyatulio chote na kubaki wazi hata bastola ikishachomolewa, ili mtu aweze kuirudisha kwa mkono mmoja bila kuielekeza kwenye mwili wake. Ala ya kitambaa hujikunja, na anayeirudisha bastola hulazimika kuipanua kwa mkono wa pili, mkono ambao wakati huo unakuwa mbele ya mtutu. Ala za kwapani na zile za kuchomoa kwa kuvuka mwili zilikatazwa pia, kwa kuwa bastola ikitoka humo inawapitia wanafunzi waliosimama kando. Aina ya tatu iliyokataliwa ni ile yenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada ili bastola iachiliwe. Mkufunzi alituonyesha sababu kwa bastola ya plastiki ya bluu isiyoweza kufyatua: alibonyeza kitufe, akavuta kwa haraka, na kidole kilichokuwa kikisukuma kwa nguvu kilitua moja kwa moja juu ya kifyatulio kabla mtutu haujainuka kutoka usawa wa paja. Onyesho hilo lilichukua sekunde chache na lilinishawishi kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma.

Kwa wanawake suala la ala lina ugumu wake ambao barua ya vifaa haikuugusa. Mkanda unaobeba bastola vizuri huwa mgumu, wenye upana wa inchi 1.5, na suruali nyingi za kike zina vitanzi ambavyo mkanda huo haupiti kabisa. Tena mwenye nyonga pana atakuta kitako cha bastola kinasukumwa mbavuni na kumzuia kuchomoa, hadi atafute kishikizo kinachoishusha ala na kuitenga kidogo na mwili. Mambo haya hayaonekani mtu akiwa amesimama mbele ya kioo. Huonekana akiketi ndani ya gari, akiinama kufunga kamba za viatu, au akipiga goti. Kwa hiyo mwanamke anayejiandaa aivae ala yake nyumbani mchana kutwa, bastola ikiwa tupu, na afanye nayo kazi zake za kawaida kabla hajaipeleka uwanjani. Dada mmoja katika kundi letu alikuwa amevaa hijabu na shati refu, na mkufunzi alimweleza kwa heshima na uwazi, kama alivyomweleza kijana mwenye jaketi la kamba, kwamba ncha ya nguo au kamba ikiingia ndani ya ala wakati bastola inarudishwa inaweza kukivuta kifyatulio. Dada huyo aliuchomeka mtandio wake ndani ya kola na akaendelea bila taabu. Namna alivyoelekezwa, bila kufanywa kituko, naihesabu miongoni mwa mazuri ya shule hii.

Masikio yanahitaji fedha zaidi ya wengi wanavyodhani. Mlio wa bastola ya milimita 9 hupita desibeli 150, wakati kiwango ambacho mlio wa ghafla huanza kuwa hatari kwa usikivu kinatajwa kuwa desibeli 140, na katika mstari wa wanafunzi kumi na zaidi milio hiyo inakujia kutoka pande zote mbili. Mimi nilitumia vikinga masikio vya kielektroniki vya Howard Leight Impact Sport, ambavyo vina kipimo cha upunguzaji cha desibeli 22, na chini yake nikatia vizibo vya sponji vyenye kipimo cha 33. Vipimo hivyo haviongezwi kimoja juu ya kingine. Anayevaa vyote hupata takriban desibeli 5 zaidi ya kile kikubwa. Hata hivyo faida yake ni kubwa, kwa sababu spika ndogo za vikinga vya kielektroniki huikuza sauti ya mkufunzi na kuukata mlio, na mtu anayesikia amri vizuri ni salama kuliko anayekisia. Miwani iwe na alama ya Z87+, ya kiwango cha usalama cha Marekani, ambayo inathibitisha kwamba kioo kimejaribiwa kwa mgongano. Miwani ya jua ya mitindo haifai. Kofia yenye ukingo na shati lisilo na uwazi shingoni ni lazima, maana maganda ya risasi hutoka yakiwa ya moto, na aliyepata moja ndani ya nguo hujikunyata na kusahau mtutu unaelekea wapi.

Risasi zilizohitajika zilikuwa 600 za mazoezi. Wakufunzi walishauri kila mtu aje pia na boksi moja la zile anazobeba kila siku, ili ahakikishe kwamba bastola yake inazipokea bila kukwama. Zisiwe na kiini cha chuma, kwa sababu sehemu ya mazoezi hufanyika kwenye shabaha za chuma. Magazini, yaani vibebeo vya risasi vinavyochomekwa kwenye kitako cha bastola, tano zinatosha, na tatu ndizo kikomo cha chini. Nashauri pia kifaa cha UpLULA cha kujazia magazini, kinachotengenezwa na kampuni ya Maglula ya Israeli, kwani kidole gumba kinachosukuma mamia ya risasi kwa mkono huwa kimevimba kufikia saa nane mchana, na kidole hichohicho ndicho kinachohitajika kwenye mshiko.

Sasa naja kwenye maandalizi ambayo hayana gharama yoyote na ambayo ndiyo yaliyotenganisha wanafunzi wazuri na wengine, nayo ni mazoezi ya nyumbani bila risasi. Utaratibu wake ni mkali, na ukipunguzwa mazoezi hugeuka hatari. Risasi zote hutolewa nje ya chumba, si kuwekwa kando tu. Chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, hukaguliwa kwa macho na kwa ncha ya kidole, kisha hukaguliwa tena. Bastola huelekezwa upande ambao risasi ingezuiliwa kama ingetokea, kwa mfano ukuta wa matofali, kamwe si ukuta wa mbao na jasi wa nyumba nyingi za Texas, ambao risasi huupenya na kuingia chumba cha pili. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha kwa jioni moja, kwa sababu baada ya hapo akili huchoka na umakini hupungua. Ukimaliza, tamka kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, fungia bastola kwenye kasha lake, na usirudi kujaribu mara ya mwisho. Ajali nyingi zinazosimuliwa na wakufunzi hutokea katika mara hiyo ya mwisho, mtu anapokuwa ameshajaza risasi. Mwenye watoto nyumbani akumbuke kwamba sheria ya Texas inamhesabia kosa anayeacha silaha iliyojazwa mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia.

Zoezi lililonisaidia zaidi ni la sarafu. Senti 25 huwekwa juu ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma, karibu na kilengeo cha mbele, na mtu hukivuta kifyatulio polepole hadi bastola ilie tki, akitazama kama sarafu imebaki. Ikianguka, kidole kimevuta upande badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, au kiganja kimekaza kwa ghafla. Kwa bastola kama Glock 19 ninayoitumia, slaidi lazima ivutwe upya kila baada ya tki moja, na jambo hilo linalowaudhi watu nililiona kuwa na manufaa, kwa kuwa linaifundisha mikono kuvuta slaidi mamia ya mara kabla ya siku ambayo itabidi kuivuta kwa haraka. Pamoja na sarafu, jifunze kuchomoa kwa hatua: mkono mmoja uinue shati hadi kifuani, mwingine ushike kitako kwa mshiko kamili bastola ikiwa bado ndani ya ala, ndipo itoke, igeukie mbele, na mkono wa pili uipokee. Anayeirekebisha mikono yake bastola ikiwa tayari hewani hakushika vizuri tangu mwanzo.

Uwanjani tulianza na kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, aliyeanzisha shule yake ya bastola huko Arizona mwaka 1976: kila silaha ichukuliwe kuwa imejazwa, mtutu usielekezwe kwenye chochote ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kikae mbali na kifyatulio hadi vilengeo viwe juu ya shabaha, na mtu awe na hakika na shabaha yake pamoja na kilicho nyuma yake. Zilirudiwa kila baada ya mapumziko, na kwa maoni yangu hazikurudiwa kupita kiasi. Mchana wakufunzi walichanganya risasi bandia ndani ya magazini zetu bila kutuambia zilipo. Ikifika ile bandia, mlio hautokei, na kila mtu huona waziwazi jinsi mtutu unavyoinama kwa sababu mikono imekwisha kuuogopa mshindo ambao haukuja. Hakuna maelezo yanayoweza kumfunua mfyatuaji kwa ukweli kama huo. Baada ya hapo tulijifunza kuitengeneza bastola iliyokwama kwa kupiga kitako cha magazini na kuvuta slaidi, na waliokuwa wamefanya mazoezi nyumbani walilimaliza somo hilo upesi.

Asubuhi ya pili ililetwa hoja ya umbali. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, alieleza kwamba mtu mwenye kisu anaweza kumaliza futi 21, yaani mita 6.4 hivi, kwa muda wa sekunde moja na nusu, ambao ni takriban muda anaouhitaji mtu mwenye mafunzo kuchomoa na kufyatua. Tuliijaribu kwa usalama: mkimbiaji alianza nyuma ya mfyatuaji, wakiwa wamepeana mgongo, akakimbia kuelekea upande wa pili hadi aliposikia mlio, kisha tukapima alipofika. Wengi wetu tulichelewa. Nililoshukuru ni kwamba mkufunzi alisisitiza kuwa futi 21 si mstari wa ruhusa ya kufyatua, bali ni sababu ya kuondoka mapema, kuzunguka gari, kufunga mlango, kukimbia. Aliunganisha hilo na Sura ya 9 ya Kanuni ya Adhabu ya Texas, ambayo katika kifungu cha 9.32 inataka mtu awe na imani ya busara kwamba nguvu ya kuua inahitajika mara hiyo kujikinga. Sheria ya jimbo hili kuhusu kulinda mali wakati wa usiku ni pana kuliko ya majimbo mengi, naye alituomba tusiitegemee. Nakubaliana naye kabisa. Gari lina bima, na anayeishi hapa kwa hadhi ya uhamiaji ana mengi ya kupoteza katika kesi ya jinai, hata ile anayoshinda.

Palipopungua sana ni huduma ya kwanza. Shule iliipa saa moja tu, mwishoni mwa siku ya pili, watu wakiwa wamechoka na jua. Mkanda wa kuzuia damu wa aina ya C-A-T ulipitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja alijifunga mara moja. Kwa macho ya muuguzi hilo ni dogo mno. Mtu anapaswa kujua kuufunga sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, kuepuka kiungo cha goti au kiwiko, kuzungusha kijiti hadi damu ikome ijapokuwa mgonjwa analia kwa maumivu, na kuandika saa aliyoufunga. Mikono inahitaji kurudia hayo gizani na kwa mkono mmoja. Kwa kuwa uwanjani kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kulihitaji somo hilo kuliko kukutana na mshambuliaji, lilistahili kufundishwa asubuhi ya kwanza kabla risasi hazijajazwa. Hadi shule ibadilike, hudhuria kwanza darasa la Stop the Bleed, kampeni iliyozinduliwa Marekani mwaka 2015. Madarasa yake mengi hutolewa bure hospitalini na katika vituo vya zimamoto.

Lalamiko langu la pili ni kwamba orodha ya vifaa ilitufikia wiki moja tu kabla ya kozi, wakati ambao ala ya kufinyangwa mara nyingi haiwezi tena kuagizwa na kufika. La tatu ni kivuli: palikuwa na hema moja kwa watu wote, na joto la kiangazi hapa hupita nyuzi 38. Nilibeba maji mengi na pakiti za ORS, zilezile tunazowapa watoto wanaoharisha nyumbani, na niliishia kuwagawia wengine. Kabla ya kupiga goti, tazama chini, kwani vichuguu vya siafu wekundu vimejaa pembezoni mwa uwanja.

Ningeipendekeza kozi hii kwa anayeijua tayari bastola yake, ambaye anaweza kuijaza na kuitoa risasi bila kuelekezwa. Ambaye hajawahi kufyatua aanze na saa chache za mkufunzi binafsi, kwani hapa mwendo hausubiri mtu. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi (lead) linalotokana na kufyatua. Kwa sababu hiyohiyo, kila mmoja anawe mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, na aache viatu vyake nje ya mlango akirudi.

Mkoba unaoutumia uwanjani usiutumie kusafiria. Risasi moja ikijificha kwenye mshono inaweza kukuletea faini kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Marekani, na ikifika nawe Nairobi itakuingiza kwenye Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, ambayo inahusu risasi kama inavyohusu bunduki. Mimi hukung'uta mifuko yote ya mkoba huo juu ya shuka jeupe baada ya kila mafunzo, na nikienda likizo nyumbani hubeba sanduku ambalo halijawahi kufika uwanjani.